Mzee na Tamaa ya Pikipiki Kubwa



Yako majaribu ambayo vijana wamewekewa kuyapigana, na maonyo juu yake husikika kanisani mara kwa mara: ulevi, uasherati, kamari, uvivu. Sisi wazee huyasikiliza maonyo hayo kwa utulivu, kana kwamba vita hivyo vimekwisha kutupita. Walakini yako majaribu mengine yasiyomjia kijana kamwe, kwa kuwa hana fedha ya kuyanunua wala hajapoteza miaka ya kuitamani. Haya humngojea mtu hata watoto wakiisha kuoa na kuolewa, ada za shule zikiisha kulipwa, na kiinua mgongo kikiisha kuingia benki. Sheria yetu huwaruhusu watumishi wengi wa serikali kustaafu kwa hiari wakiwa na miaka 55, na huwalazimu wakiwa na miaka 60. Basi hapo ndipo jaribu huja, wala haliji kwa sura ya kutisha. Mwezi huu twataka kulitafakari moja la namna hiyo, nalo ni hili: mzee Mkristo atamanipo kununua pikipiki kubwa ya safari, iliyokwisha kutumika na mtu mwingine, je, afanye nini na tamaa yake?

Wako watakaocheka, wakisema, Katika shida zote za sharika zetu, ndilo hili la kuandikwa? Twajibu kwamba jambo dogo likitazamwa vema huonyesha kubwa lililo nyuma yake. Tena mtu aliyeshinda majaribu makubwa aghalabu hukwaa katika yale anayoyaona kuwa madogo.

Kwanza tueleze ni chombo gani, mtu asije akadhani twanena juu ya bodaboda. Pikipiki ndogo si kitu kigeni kwetu. Ndiyo impelekayo mama mgonjwa hospitalini, ndiyo imchukuayo mwinjilisti kutoka mtaa hata mtaa, ndiyo iletayo gunia la mahindi sokoni Bariadi. Injini yake ina sentimita za ujazo 100 au 150, nayo ikianguka kijana mmoja huiinua bila kuita msaada. Hiyo nyingine ni ya ukoo mwingine. Honda ST1100, iliyotoka kiwandani kwanza mwaka 1990, ina injini ya sentimita za ujazo 1,084. Yamaha FJR1300, iliyotoka mwaka 2001, ina 1,298. Uzito wake pamoja na mafuta ni karibu kilo 300, yaani kama fahali wetu wa kienyeji. Ina kioo cha kuzuia upepo, ina makasha mawili kwa pande zake, wala haina mnyororo, maana nguvu ya injini hupelekwa gurudumuni kwa mhimili wa chuma. Ilitengenezwa kwa ajili ya mtu atakaye kusafiri mchana kutwa katika barabara nzuri, upesi, wala asichoke mgongo. Kwa hiyo waliozinunua zikiwa mpya huko Ulaya na Japani wengi wao hawakuwa vijana, bali watu wazima wenye fedha na wenye migongo ya kutunzwa.

Tena jaribu hili limetufikia kwa sababu barabara imetufikia. Mkoa wa Simiyu uliundwa mwaka 2012 kwa kukata wilaya za Shinyanga na Mwanza. Wengi wetu twakumbuka safari za zamani katika nchi hii: vumbi wakati wa kiangazi, na masika ule udongo mweusi wa mbuga ushikao gurudumu hata baiskeli ikabebwa na mwenyewe. Sasa lami yatoka Lamadi, yapita Bariadi na Maswa, yafika Mwigumbi katika njia kuu ya Shinyanga na Mwanza. Mwalimu aliyesukuma baiskeli katika tope miaka 30 aiona njia ile nyeusi, laini, imenyoka kati ya mashamba ya pamba, na moyo wake waondoka. Kisha jioni afungua simu yake, aiona pikipiki inayouzwa nchi ya mbali, yang'aa kama mpya, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kwanza. Usiku huo hapati usingizi mapema.

Kabla ya kuonya, imetupasa kumtendea haki mtu huyu. Tamaa yake si ya pombe, wala si ya mke wa mtu. Kupenda mwendo, kupenda upepo usoni, kupenda chombo kilichoundwa kwa akili na kutii mkono, hayo si maovu kwa asili yake. Mungu ndiye aliyempa mwanadamu akili ya kutengeneza, na mwili wa kufurahi. Dr. Martin Luther aliandika mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, na kanisa letu limeshika fundisho hilo: pale ambapo Mungu hakuweka amri, mwanadamu asijifanye mtunga amri na kufunga dhamiri ya ndugu yake. Hakuna amri isemayo kwamba mtu wa miaka 60 asipande pikipiki. Anayemwambia mzee, Kwa sababu wewe ni mzee, kaa kitini ungoje kifo, huyo naye hakunena neno la Mungu. Maana uzee unaoishi kwa kuogopa kufa tu, nao pia ni namna ya kukosa imani.

Basi jaribu liko wapi? Sisi twaliona katika mahali patatu.

Kwanza ni katika bei. Kitu kipya cha anasa hujulikana kuwa anasa, na mwenye kukinunua hujua kwamba atasemwa. Lakini kitu kilichokwisha kutumika huvaa joho la hekima. Mtu asema, Sikupoteza fedha, nimeokoa. Bei yake ilikuwa kubwa mara tano. Lakini aliyenunua kwa nusu ya bei kitu asichokihitaji hakuokoa nusu, ametumia nusu. Wala hesabu haikomi hapo. Kuna nauli ya meli, kuna ushuru, kuna kusafirisha kutoka Dar es Salaam hata Bariadi. Kisha matairi yake hayapatikani katika maduka yetu, wala betri, wala vipuri vya breki. Na mafundi wetu, walio hodari sana kwa pikipiki ndogo, hawana vifaa vya kuifungua hiyo. Bei rahisi ni mlango tu. Nyumba yenyewe iko ndani, nayo ina kodi ya kila mwezi. Papo hapo twawakumbusha wauzaji nao amri ya saba, kama tunavyoihesabu katika Katekisimo yetu: anayeficha ufa wa chombo, au kurudisha nyuma hesabu ya kilomita, ameiba, ijapokuwa mnunuzi alitoa fedha kwa mkono wake mwenyewe na kushukuru.

Pili ni katika kile hasa kinachonunuliwa. Wahenga walisema, Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Mzee ailijua methali hii naye huwasomea wajukuu. Lakini mbele ya picha ile simuni huisahau. Kwa maana pengine hatafuti chombo cha kumfikisha Lamadi. Basi lingemfikisha, tena kwa shilingi chache. Atafuta yule mtu wa miaka 25 ambaye hakuwa na fedha ya pikipiki, ampe leo alichonyimwa siku zile. Hii ni huruma, na ni huruma ya kweli. Lakini yule kijana hayupo tena kuipokea. Atakayepanda ni huyu wa leo, mwenye goti linalouma, mwenye macho yanayopungukiwa nuru gizani, mwenye dawa za shinikizo la damu mfukoni.

Tena tujiulize, pikipiki ile imetoka kwa nani? Kwa nini yauzwa ikiwa nzima, imetunzwa, haijatembea sana? Mara nyingi ni kwa sababu mwenyewe alikuwa mzee kama sisi. Aliinunua akiwa na tamaa kama yetu, akaipanda miaka kadhaa, kisha siku moja ikamlemea aliposimama mahali penye changarawe, au mke wake akamsihi, au tabibu akamwambia yatosha. Naye akaifuta vumbi, akaipiga picha nzuri, akaiuza. Twadhani twanunua ujana wake. Kumbe twanunua uzee wake, uliosafishwa na kutiwa rangi. Jambo hili si la kucheka wala la kulia. Ni la kutafakari tu, kwamba mwenzetu aliyetutangulia katika njia hii ametuachia habari ndani ya chombo chenyewe, kama tukitaka kuisoma.

Tatu ni katika mkate na uhai wa wengine. Kiinua mgongo si mali ya mtu mmoja. Yule mke aliyelima pamba na mpunga ili mshahara wa mwalimu utoshe ada, ana jasho lake ndani ya fedha ile. Na uhai wa mzee nao si wake peke yake. Amri ya tano yasema tusiue, na kanisa limefundisha daima kwamba amri hii yatuagiza pia kuulinda mwili wa jirani, na kutouchezea wa kwetu.

Hapa twaleta mfano wa kweli kutoka nchi nyingine. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, Mwingereza aliyejulikana sana kwa habari za vita vya 1914 hata 1918 katika nchi za Waarabu, alikuwa na miaka 46, naye alikuwa amestaafu jeshini miezi michache tu. Alipenda pikipiki kubwa aina ya Brough Superior, akazimiliki kadhaa katika maisha yake. Siku moja ya Mei alikuwa akirudi nyumbani kwake. Barabara ilikuwa na bonde dogo, na bonde lile liliwaficha wavulana wawili wenye baiskeli. Alipowaona akakwepa, akaanguka, akafa baada ya siku sita. Mmoja wa matabibu walioitwa alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Msiba ule haukumtoka moyoni. Akachunguza vifo vya wapanda pikipiki na faida ya kofia ngumu, akatangaza uchunguzi wake mwaka 1941, na jeshi la Uingereza likawaamuru wapanda pikipiki wake kuzivaa. Kofia tunayoivaa leo, na ambayo vijana wetu wengi huitundika kwenye usukani badala ya kuivaa, ni tunda la kifo cha mtu mzima aliyestaafu.

Twaomba msomaji aone kwamba mtu yule hakuwa mjinga wala mgeni wa pikipiki. Alizijua kuliko wengi wetu. Kilichomshinda ni bonde dogo na watoto wawili. Na sisi je? Kati ya Bariadi na Lamadi watoto hurudi shuleni kwa miguu kandokando ya lami. Ng'ombe huvuka jioni kwa wakati wao, si kwa wakati wetu. Mikokoteni hutembea bila taa. Mwenye pikipiki ya kilo 300 akikosea hapo, halipi yeye peke yake.

Lakini kama neno letu lingekomea hapo, lingekuwa nusu. Kwa maana Maandiko yatupa wazee wawili, na hawakutenda sawasawa.

Wa kwanza ni Barzilai Mgileadi, ambaye habari zake zimo katika kitabu cha pili cha Samweli. Alikuwa na miaka 80, tena tajiri, naye ndiye aliyemlisha mfalme Daudi huko Mahanaimu wakati wa maasi ya Absalomu. Vita vilipokwisha mfalme akamwalika Yerusalemu, akae naye na kula mezani pake. Mzee alikataa kwa adabu. Alisema kwa uwazi kwamba ulimi wake hauonji tena kama zamani, na sikio lake haliwasikii waimbaji. Yamtosha kufa mjini kwake, karibu na kaburi la baba yake na mama yake. Akamtoa Kimhamu, aliye kijana, aende badala yake. Walakini hakukaa nyumbani siku ile: alivuka Yordani pamoja na mfalme, akamsindikiza kidogo, ndipo akarudi.

Wa pili ni Kalebu mwana wa Yefune, katika kitabu cha Yoshua. Huyu alikuwa na miaka 85. Naye hakuomba kupumzika. Aliomba mlima, tena mlima uliokaliwa na majitu yenye miji yenye ngome, akisema kwamba nguvu zake ni zile zile za miaka 45 iliyopita. Akapewa Hebroni.

Yupi alitenda vema? Wote wawili. Tazama kwamba aliyekataa alikuwa mdogo kwa miaka 5 kuliko aliyeomba. Basi hesabu ya miaka siyo iamuayo neno hili, na wale wanaotaka tuandike kwamba mwisho wa kupanda pikipiki ni miaka 60 au 70 hawatapata andiko la kuwasaidia. Tofauti yao iko katika kile kilichokuwa mbele yao. Kalebu hakuomba arudishiwe miaka yake jangwani. Aliomba kilichoahidiwa, na alipokipata kikawa urithi wa nyumba yake, hata Aksa binti yake alipomwomba chemchemi za maji, alikuwa nazo za kumpa. Barzilai naye alijua ya kuwa karamu ya mfalme haitamrudishia ulimi wa ujana, akamwachia kijana ale. Hakuna mmoja kati yao aliyejaribu kununua jana.

Tena wote wawili walisema mambo yao mbele ya watu. Neno hili twaliona kuwa kubwa kuliko yote. Barzilai alitaja udhaifu wake mbele ya mfalme na jeshi. Kalebu alitaja nguvu zake mbele ya Yoshua na kabila lake, mahali ambapo kila mtu angeweza kumkanusha kama alisema uongo. Katika nchi yetu Wasukuma humwita mzee namhala, na jina hilo ni heshima, kwa maana banamhala ndio waliokaa kupima mashauri ya watu. Walakini mtu apimaye mashauri ya wengine barazani, pengine shauri lake mwenyewe hulipima usiku, peke yake, mbele ya simu, na hukumu hutoka upande wa tamaa kila mara. Baraza la mtu mmoja halikosi kumpendelea mwenyewe.

Basi hatutoi amri, bali shauri kwa wazee wenzetu, maana sisi tunaoandika haya tumekwisha kupita miaka 60, na tamaa hii hatuizungumzi kama watu wa mbali.

Mwenye kuitamani pikipiki ile, kwanza aiseme. Amwambie mke wake kwa jina la chombo na kwa hesabu yote, pamoja na nauli, ushuru na vipuri, wala asimwambie nusu. Tamaa iwezayo kusemwa mezani penye chakula imekwisha kupoteza sumu yake kubwa. Ile isiyoweza kusemwa, yatosha kujua kwamba haiwezi. Pili, asimamishe chombo cha uzito huo mahali penye changarawe, akilaze, kisha akiinue. Asipoweza, amepata jibu bila kuandikiwa. Tatu, aangalie kama yuko Kimhamu nyumbani kwake. Vijana wetu wengi huendesha bodaboda za watu kwa mkataba, wakipeleka hesabu kila siku, mvua ikinyesha au jua likiwaka, hata chombo kiwe chao kikiwa kimechakaa. Pengine fedha ile ile ingemtoa mjukuu katika mkataba huo, na kumnunulia kofia nzuri. Hatusemi imempasa, twasema aangalie, kisha aamue akiwa amekwisha kuona.

Na kama baada ya hayo yote mke amekubali, deni hakuna, mwili watosha, na moyo waweza kumshukuru Mungu kwa chombo kile pasipo kuona haya, basi na apande. Avae kofia, aende mchana, apunguze mwendo penye watoto na ng'ombe, wala asimwonee haya mtu. Pengine huo ndio mlima wake. Lakini kama jibu ni hapana, asijione maskini wala asifanye uso wa kuonewa. Barzilai hakurudi kwake kwa huzuni. Alimsindikiza mfalme hata ng'ambo ya mto, akabusiwa na kubarikiwa, akarudi mahali pake. Nasi twaweza kusimama kando ya barabara ya Lamadi, tukamtazama kijana akipita na kupotea mbele, tukamwombea afike salama; na hiyo nayo ni sehemu ya furaha ya njia.

Bwana atupe macho ya kutambua kati ya mlima tulioahidiwa na karamu iliyokwisha kupita, na ulimi wa kusema waziwazi tunalolitamani, wakati tungali na mtu wa kutujibu.